Meno ya Mpiga Tarumbeta

Wako wasemao kwamba mpiga tarumbeta akipoteza jino la mbele kazi yake imekwisha. Basi yeye apewe ngoma, na tarumbeta apewe kijana. Sisi twaona shauri hili halina haki, tena lina hasara kwa bendi yenyewe.

Kwanza yatupasa kufahamu kazi ya meno. Sauti ya tarumbeta huanzia katika midomo inayotetema, na midomo hiyo hutegemezwa na meno ya mbele, kama ngozi ya ngoma itegemezwavyo na mzinga wake. Palipo na pengo mdomo hubonyea ndani, pumzi huvuja, na sauti za juu huwa ngumu kupatikana. Jino lililovunjika nalo huuchubua mdomo. Mwenye klarineti naye hana nafuu, maana meno yake ya juu hukaa juu ya chombo, na mdomo wa chini hukunjwa juu ya meno ya chini. Mpiga zumari wa pwani ana nafasi zaidi, kwa kuwa tete lake hukaa ndani ya kinywa wala halibanwi kwa meno.

Hata hivyo, pengo si mwisho wa safari. Chet Baker, mpiga tarumbeta mashuhuri wa Marekani, alipigwa mwaka 1966 huko California, na meno yake yakaharibika hata akatiwa ya bandia. Ilimbidi ajifunze upya namna ya kupuliza, lakini katika miaka ya 1970 alirudi jukwaani, akaendelea kupiga hata alipofariki mwaka 1988.

Ubaya wa shauri lile ni huu: mtu ajuaye kwamba atanyang'anywa tarumbeta huficha maumivu yake. Jino ambalo lingalizibwa mapema huachwa lioze, na mwisho hapana budi ling'olewe. Hivyo hofu yenyewe ndiyo izaayo mapengo.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. La kwanza, kila mpigaji amwambie daktari wa meno ni chombo gani apigacho kabla jino halijaguswa, na akisha kung'olewa asipulize mpaka apewe ruhusa, maana nguvu ya pumzi yaweza kufungua kidonda. La pili, wenye meno mazima wachukuliwe kigezo cha meno yao kwa plasta, ili likitokea la kutokea, fundi apate mfano wa kufuata. La tatu, katika fedha zinazotengwa kwa sare za bendi, sehemu itangulie kwenda kwa daktari wa meno.

Vifungo ving'aavyo vyapendeza machoni, lakini havipigi wimbo. Atakayekuja kwa viongozi wa bendi na jino linalouma apokewe kama mwenye chombo kinachohitaji fundi, wala asihesabiwe kuwa mtu wa kuachwa.