Majirani wa Achal

Kuna sentensi ambayo nikiikuta kwenye makala ya safari za India, hamu ya kusoma inaniisha palepale: eti "hapa dini zote ni moja." Mwandishi kawaona Wasikh na Wahindu wakiabudu mahali pamoja, machozi yamemlengalenga, basi, kazi imekwisha. Mimi nasema huo ni uvivu, tena uvivu wenye madhara.

Chukueni Achal, kijiji kilicho karibu na mji wa Batala, Punjab. Pana hekalu la kale la Kartikeya, mwana wa Shiva, na ubavuni pake pana gurdwara ya Wasikh, hao tuliozoea kuwaita Makalasinga. Ni pua na mdomo. Waumini wa pande zote mbili hufika pale. Lakini hebu tuulize: gurdwara ilifuata nini mlangoni pa Shiva?

Jibu limo katika ushairi. Bhai Gurdas, mshairi mkubwa wa Kisikh, anasimulia katika utungo wake wa kwanza jinsi Guru Nanak alivyokwenda Achal wakati wa sikukuu ya Shivratri, akakabiliana na mayogi. Walimsuta: mbona umevua mavazi ya utawa ukarudia maisha ya nyumbani? Naye akawageuzia kibao: ninyi mmewakimbia wenye familia, kisha mnakwenda kuombaomba milangoni mwao!

Kwa hiyo Achal si kumbukumbu ya watu waliokubaliana. Ni kumbukumbu ya ugomvi wa hoja, na warithi wa ugomvi huo bado ni majirani. Ukisema "wote ni kitu kimoja," umeifuta hadithi yenyewe.

Wapo pia wajenzi wa ua. Mwaka 1898 Kahn Singh Nabha alitoa kitabu ambacho jina lake tu ni hoja: Sisi si Wahindu. Mwaka 1905 sanamu za Kihindu ziliondolewa katika eneo la Hekalu la Dhahabu, Amritsar. Sheria ya gurdwara ya 1925 ikamtambua Msikh kwa kiapo kwamba hana dini nyingine. Harjot Oberoi, katika kitabu chake cha 1994, alionyesha kwamba zamani wanakijiji wa Punjab walivuka mipaka hiyo bila wasiwasi. Alishambuliwa vikali na Wasikh wenzake.

Hasira yao naielewa. Ukiwa wachache, na kifungu cha 25 cha katiba ya India kinakuhesabu ndani ya Wahindu katika suala la mahekalu, maneno "sisi sote ni wamoja" hayasikiki kama upendo. Yanasikika kama kumezwa. Lakini dawa ya kumezwa si kumfukuza jirani. Nanak mwenyewe hakuwasubiri mayogi nyumbani kwake. Aliwafuata kwenye sikukuu yao, akabishana nao uso kwa uso.

Basi, waandishi wenzangu, mkifika mahali kama Achal, acheni kuuliza "ni pa nani?" Na jibu la "ni pa wote" msilikimbilie. Ulizeni watu walibishana nini hapo, na imekuwaje hadi leo hakuna aliyehama.