Uratibu wa Shughuli Usomwe Chuoni na Kazini

Uratibu wa shughuli, yaani elimu ya kupanga, kugharimia, kuendesha na kutathmini mikusanyiko ya watu kama vile matamasha, mikutano, maonyesho na arusi, umekwisha kuwa kazi inayowalisha wengi katika miji ya Tanzania, lakini katika kata ya Yaeda Chini, wilayani Mbulu, bado hudhaniwa kuwa jambo la kamati ya muda lisilohitaji kusomewa. Dhana hiyo yafaa iachwe, na vijana wa kata hiyo waisomee kazi hiyo kwa njia ya uanagenzi pacha, ambao humgawia mwanafunzi muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi, akiwa na mwalimu huku na msimamizi kule.

Chuoni hujifunza bajeti, mikataba na upimaji wa hatari. Kazini huonyeshwa jinsi turubai linavyohimili upepo, jenereta linavyozimika katikati ya hotuba, na fedha ya akiba inavyookoa siku. Mfano haupo mbali: chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), kilianzishwa mwaka 1981, na tamasha lake la kila mwaka limekuwa kwa wanafunzi darasa jingine, maana hukutana na watazamaji halisi ambao hawasamehe uzembe.

Haja ya Yaeda Chini, hata hivyo, ni kubwa kuliko kupata ajira. Katika eneo hilo na jirani zake wanakaribiana Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wa Kinailoti, Waihanzu wa Kibantu, na Wahadzabe ambao lugha yao haijathibitika kuwa na undugu na nyingine yoyote. Huko Haydom, wilayani humo humo, mpango uitwao Four Corners Cultural Programme umejengwa juu ya ujirani huo. Wageni huja kutazama, na mara nyingi mwenye kuwaleta na kuwapangia ratiba ni mtu wa mbali, huku kijana wa kijiji akibaki mbeba viti. Hali hiyo si ya haki, na tena ni ya hatari kwa utamaduni wenyewe.

Ngoma ya epeme ya Wahadzabe, kwa mfano, huchezwa usiku usio na mwezi, gizani. Mratibu aliyesoma vitabu peke yake ataitafutia taa na saa ya alasiri ili wapiga picha waridhike, na hapo atakuwa ameivunja. Aliyefunzwa kazini chini ya wazee atajua kwamba sharti la kwanza la ratiba ni kuuliza kipi kinaonyeshwa, kipi hakionyeshwi na nani mwenye kuruhusu. Naye huyo huyo, kwa sababu amesoma, ataandika makubaliano hayo katika mkataba, pamoja na malipo ya wachezaji, badala ya kuyaacha mdomoni.

Kwa hiyo wazazi wasione aibu kumlipia mtoto ada ya masomo haya, halmashauri iwapokee wanafunzi katika maandalizi ya sherehe zake, na vyuo vikubali kwamba daftari la kazi la mwanafunzi, linalotiwa saini na msimamizi kila juma, litiwe saini pia na mzee wa kijiji ambako shughuli ilifanyika.