Kabla ya kuigusa pampu

Ndugu mwandishi, pampu ya dizeli umeituhumu mapema mno. Scania 113 ikipanda mlima Kitonga na mzigo huku ikifuka moshi mweusi, dizeli ipo; inayopungua ni hewa. Anza na chujio la hewa, kisha fuata mipira kati ya turbo na intakula. Ufa hupenda kujificha chini ya klipu: gari likiwa kwenye sailensa huuoni, hufunguka turbo inaposukuma. Tafuta oili iliyonasa vumbi kwenye maungio. Moshi ukiwa wa bluu, hapo sawa, kagua sili za turbo. Na gari likisumbua kuwaka asubuhi, huenda paipu ya dizeli inavuta hewa. Haidondoshi hata tone, ndiyo maana mafundi wengi huipita. Nozo mpya, zilivyo ghali, ziache dukani kwanza.