Jimbo la Ngorongoro

Jimbo la Ngorongoro ni jimbo la uchaguzi nchini Tanzania, katika Mkoa wa Arusha. Linapakana na Karatu upande wa kusini, nalo lina tarafa za Loliondo, Sale na Ngorongoro.

Mipaka ya majimbo hupangwa na Tume ya Uchaguzi, lakini kata na vijiji hutangazwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Mnamo Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata zote 11 za tarafa ya Ngorongoro. Bila kata hakuna diwani, na haki ya kupiga kura nyumbani hutiliwa shaka. Wamasai waliandamana. Tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu mjini Arusha ilisimamisha tangazo hilo.