Korona: dexa ni ya nani?

Korona ikizidi, kinga ya mwili yenyewe inaweza kupita kiasi na kuharibu mapafu. Dexa (deksametazoni), dawa ya zamani ya bei chini, inatuliza kinga hiyo. Utafiti wa Uingereza, mwezi wa 6 mwaka 2020, ulionyesha vifo vilipungua kwa theluthi moja kati ya wagonjwa wa mashine ya kupumua, na moja ya tano kwa wale wa oksijeni tu. Asiyehitaji oksijeni haikumsaidia.

Tosilizumabu, ambayo OMS iliikubali mwaka 2021, ni ghali sana.

Huku mashariki, wengine wananunua dexa kwenye farmasi bila karatasi ya munganga, hata ili wanenepe. Hatari iko hapo: inashusha kinga na kupandisha sukari. Dexa inapatikana, kinachokosekana mara nyingi ni oksijeni.