Mbao Si Uchafu

Kila mara matokeo ya Kiswahili yakiwa mabaya, lazima mtu atokee kwa TV aseme ni Sheng. Na mfano wake huwa sisi wa Eastlands: eti mtoto wa Kayole hawezi kusema shilingi ishirini, anasema mbao. Kumi ni ashu, tano ni ngovo. Eti tunaharibu lugha.

Haya, tuhesabu. Shilingi ni neno la Kiingereza, lililoletwa na wakoloni mwaka 1921. Pesa ni paisa ya Wahindi. Hela ni heller ya Wajerumani waliotawala Tanganyika. Sarafu ina asili ya Kiarabu. Yote yalipita sokoni kabla ya kufika kwa kamusi, na leo ni sanifu. Waingereza nao waliachana na shilingi yao 1971, bob ikabaki hadithi ya wazee wao. Yetu bado inalipa nauli pale Masimba.

Na hiyo matatu anayopanda huyo mlalamishi? Jina lake limetoka kwa sarafu. Nauli ilikuwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10, kwa Kikuyu mang'otore matatu. Hakuna makanga aliyeomba ruhusa ya profesa.

Kinachoniudhi zaidi ni huyu mlinzi wa lugha akishika kalamu. Utamsoma gazetini: "upande wa pili wa sarafu". Hiyo ni methali ya nyanya yake? Ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Yeye akichota London ni ufasaha, sisi tukitunga hapa Spine Road ni uchafu.

Tena Kiingereza hicho hicho anachokiabudu kina neno moja kwa kazi zote mbili. Koini ni sarafu, halafu ni kitenzi: kutengeneza sarafu, na pia kubuni neno jipya. Sarafu sawa, Katiba ya 2010, kifungu cha 231, imeiachia Benki Kuu. (Kifungu hicho ndicho kilichoondoa sura za watu kwenye pesa. Sarafu zilizotoka 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu, kwa hivyo refa akirusha moja akuulize "kichwa?", muulize cha nani.) Lakini maneno yana Benki Kuu gani? Noti ya 500 tuliiita jirongo, kwa sababu ya Cyrus Jirongo na YK'92 yake kwenye kampeni za 1992. Neno moja, na siasa ya mwaka mzima imo ndani.

Jioni kuna mtoto anamsaidia mamake kuuza mboga kibandani, anapiga hesabu za ashu na mbao na kurudisha chenji kabla hujafungua kikokotoo kwa simu. Asubuhi anaambiwa darasani hiyo ni lugha ya wahuni, ananyamaza. Mwisho wa muhula ripoti inakuja nyumbani imeandikwa: hashiriki.