Tajiri na Hujja Yake ya Mali

Juma lililopita, katika karamu ya harusi hapa Tunduma, tajiri mmoja mwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani alisema mbele ya kadamnasi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa, kwamba kampuni ni yake na fedha ni zake, na kwa hiyo humwajiri amtakaye na kumkataa asiyemtaka, wala serikali haina la kumwuliza. Meza nzima ikaafiki. Mimi pilau ilinikwama kooni.

Laiti kauli hiyo ingekuwa yake peke yake! Ndiyo itikadi ya mji huu, kutoka Mpemba hadi mpakani. Na ndiyo maana binti aombaye kazi huulizwa kama ameolewa na kama ana nia ya kuzaa kabla ya kuulizwa kama anajua kujaza hati za forodha, na kijana huulizwa kwao ni wapi ndipo aulizwe amesoma wapi.

Basi na tuipime hujja hiyo. Bwana huyu huyu, lori lake lifikapo mizani ya Mpemba, hulipandisha likapimwa, na likizidi uzito hulipa faini, kwa manung'uniko lakini hulipa; wala hajapata kusema kwamba lori ni lake atalipakia apendavyo. Forodhani hufungua turubali na kutoa hati. Huko kote mali ni yake na sheria huitii, ila asimamapo mbele yake mwanamke mwenye mimba akitaka kazi, ndipo hukumbuka ghafla kwamba yeye ni mwenye mali. Je, lami ina haki kuliko mja wa Mungu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 7, imekataza ubaguzi wa kabila na mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, mimba, ndoa, ulemavu, virusi vya Ukimwi, umri na mengineyo, na imemhesabu mwombaji wa kazi sawa na aliyekwisha kuajiriwa. Fauka ya hayo, mlalamikaji akitoa dalili za awali tu, mzigo wa kujitetea humwangukia mwajiri. Tena sheria yamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wake wa kutoa fursa sawa na kuondoa ubaguzi. Nimepata kuwauliza matajiri kadha wa kadha habari za mpango huo. Aghalabu hudhani nawadai leseni ya biashara.

Pale harusini mzee mmoja alijitia kumtetea tajiri huyo, akauliza mwanamke atalalaje njiani na lori mpaka Lubumbashi. Subhana! Kazi iliyokuwa ikizungumzwa ni ya kushika daftari la hesabu, ofisini, chini ya feni.

Lakini lawama yangu kubwa si ya matajiri. Afisa kazi amepewa na sheria uwezo wa kuingia mahali pa kazi wakati wowote unaofaa bila ya taarifa, kukagua kumbukumbu, na kutoa amri ya utekelezaji. Ilhali aghalabu huonekana baada ya mtu kushitaki. Mizani ya Mpemba haingoji barabara ije kulalamika. Hupima lori baada ya lori, lenye kosa na lisilo na kosa, usiku na mchana, hata foleni ikaziba njia na wagonjwa wakashindwa kupita (na hilo nalo lina siku yake). Kwa nini basi ofisi za watu zisikaguliwe vivyo hivyo?

Mpwa wangu aliachishwa kazi na kampuni moja ya hapa mjini mara tumbo lilipoonekana. Wazee wakamwambia asimkasirishe tajiri, wakakaa kikao, wakakaa kingine, hata muda wa kufungua shauri ukapita. Tajiri hakuulizwa lolote na mtu yeyote.

Kwa hiyo nawaomba maafisa kazi wa mkoa wa Songwe waingie katika ofisi hizi zilizopangana kuelekea mpakani, wadai mpango uliosajiliwa, na asiyekuwa nao aandikiwe amri siku hiyo hiyo. Nawe msomaji uliyeachishwa kazi, usingoje kikao cha wazee: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea shauri la kuachishwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60.